Maswali ya Wasomaji: Picha Zinakwenda Ulaya, Marafiki Wamebaki Kibirizi

Safari hii barua nyingi zimetoka Kigoma, na nyingi ni za wapiga picha ambao kazi imeanza kuwavusha mipaka. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha, na marefu tumeyapunguza.

SWALI: Shikamooni wahariri. Nimechaguliwa kupeleka picha 12 kwenye maonyesho Ujerumani, ukubwa wa A2. Wenyeji wananiuliza kama nitazisafisha huku nije nazo, au nitume mafaili wazisafishe wao. Kamera yangu ni ya megapikseli 24. Inatosha? (Mpiga picha, Ujiji)

JIBU: Marahaba. Inatosha, ila piga hesabu kwanza. Megapikseli 24 ni picha ya pikseli 6000 kwa 4000. A2 ni sentimita 59.4 kwa 42, nayo ni fupi kidogo kwa umbo kuliko picha ya kamera yako. Ukitaka picha nzima isikatwe, itakaa sentimita 59.4 kwa 39.6 na kubakiza ukanda mweupe juu na chini, kwa pikseli kama 256 kila inchi. Maabara hupenda 300, lakini picha ya ukutani mtu huitazama akiwa amesimama kama mita moja, na hapo hakuna atakayeona pungufu. Balaa liko kwenye picha ulizozikata ulipokuwa unazihariri. Fungua kila faili uangalie upande mrefu umebaki na pikseli ngapi. Ikiwa ziko chini ya 4500, omba hiyo itundikwe kwa A3, na usikubali kuivuta.

Sisi tungetuma mafaili. Karatasi nzuri ya pamba ya gramu 300 haipatikani kirahisi Kigoma, na picha ikikunjika kona njiani haina dawa. Faili moja la TIFF (aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha) la biti 16 kwa kamera yako ni kama megabaiti 144, kwa hiyo 12 ni gigabaiti 1.7 hivi. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde, hiyo ni kazi ya karibu saa mbili, kama haikatiki. Pandisha usiku, faili mojamoja, kwenye hifadhi ya mtandaoni inayoweza kuendelea pale ilipokatikia. Usitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Mara nyingi hufika ikiwa na pikseli 1600 hivi upande mrefu, ambazo kwa A2 ni chini ya 70 kila inchi, na taarifa zote ulizoandika ndani ya faili huwa zimefutika.

Kosa linaloharibu maonyesho mengi ni mwanga wa skrini. Laptop ikiwa imewashwa hadi mwisho, picha unaiona inang'aa, unaishusha kidogo, na ikisafishwa inatoka giza. Nyuso zetu ndizo huumia kwanza, kwa sababu weusi wa ngozi unamezwa na weusi wa kivuli, na masikio na taya hupotea. Chukua karatasi nyeupe, ishike kando ya skrini ndani ya chumba chenye mwanga wa kawaida wa mchana, usikae juani. Shusha mwanga wa skrini mpaka weupe wake ulingane na ule wa karatasi. Ndipo uhariri.

Kisha safisha picha moja tu ya A4, ile yenye ngozi ya kweli kama unavyoijua wewe, na itume kwa posta au mtu wa kwenda. Waambie wenyeji kwamba picha zote 12 zilingane na hiyo. Fundi wa maabara ambaye hajawahi kukutana na mvuvi wa Kibirizi atapandisha mwanga wa uso akidhani anakusaidia. Akiwa na sampuli mkononi hatabahatisha.

Ikibidi uende nazo mwenyewe, A2 moja ya gramu 300 ina uzito wa gramu 75, kwa hiyo 12 hazifiki hata kilo moja. Nunua duka la vifaa vya ujenzi bomba la plastiki la inchi 4, lile la maji taka, likatwe sentimita 55, pamoja na vifuniko viwili. Lioshe na lianikwe siku nzima. Picha zizungushe kwa upande wa sentimita 42, sura ikitazama nje, ili zikifunguliwa mezani kona zilale chini badala ya kuinuka. Kati ya picha na picha weka karatasi laini isiyo na rangi. Usifunge kwa raba, huacha alama. Funga kwa utepe mpana wa karatasi. Tupia ndani vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukifika, zitoe siku hiyohiyo uzilaze chini ya ubao safi. Bomba ni la safari tu, plastiki yake haifai kuhifadhia picha kwa miezi.

SWALI: Nitaruka Kigoma hadi Dar, kisha Ulaya, na kamera mbili, lenzi tatu, betri sita na pawabenki. Kipi mkononi, kipi kwenye mzigo mkubwa? Na nikirudi, forodha wakisema vitu ni vipya? (Gungu)

JIBU: Betri zote za akiba na pawabenki ni za mkononi, hakuna mjadala. Betri ya lithiamu ikishika moto tumboni mwa ndege hakuna wa kuizima. Ndani ya kabini wahudumu wanaifikia. Kipimo chake ni wati-saa, yaani volti mara ampea-saa. Betri ya kamera ya volti 7.2 na ampea-saa 2 ni wati-saa 14.4. Pawabenki ya mAh 20,000, yaani ampea-saa 20 kwa volti 3.7, ni 3.7 mara 20, sawa na 74. Mpaka 100 unapita. Ya mAh 30,000 inafika 111, na kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege, na haziruhusiwi zaidi ya mbili. Ncha za betri zibandike selotepu au zirudishie vifuniko vyake, maana sarafu moja mfukoni inatosha kuziunganisha.

Uzito ndio utakaokutesa. Mashirika mengi yanakupa kilo 7 mkononi, na begi la kamera likiwa tupu linaweza kula kilo 2. Lenzi ya kuvuta mbali ya milimita 70–200 yenye f/2.8 peke yake ni kama kilo moja na nusu. Kama kazi si ya wanyama wala michezo, iache. Lenzi ya 35 na ya 85 zitabeba kazi nyingi kwa nusu ya uzito. Ndege za Kigoma mara nyingi ni zile za pangaboi, na sehemu ya kuweka mizigo juu ya viti ni finyu. Ukiambiwa mlangoni uliache begi lipelekwe chini, uwe tayari umetenga kipochi cha betri, memori kadi na diski cha kutoa na kubaki nacho.

Wanaotumia filamu, na bado wapo, wasiipakie kamwe kwenye mzigo mkubwa, kwa sababu mionzi ya kule huichoma filamu ya kasi yoyote. Kwenye ukaguzi wa mkononi, zile mashine mpya zinazozunguka mzigo mzima nazo huiharibu. Iweke kwenye mfuko unaoonyesha ndani na uombe ikaguliwe kwa mkono.

Kuhusu forodha, andaa karatasi moja yenye jina la kila kifaa, namba yake na thamani yake, uambatanishe risiti. Kabla ya kuondoka, pita kwa maofisa wa forodha uwanjani Dar uwaombe waione na kuigonga muhuri. Fika mapema, maana anayefika dakika 40 kabla ya ndege hana muda wa muhuri. Nakala ya karatasi hiyo ndiyo utakayoitoa ukirudi na kuulizwa kama kamera umeinunua huko.

Tiketi ya Kigoma–Dar na ile ya Ulaya zikiwa zimekatwa mbalimbali, ndege ya pili haikungoji kwa sababu ya kwanza imechelewa. Lala usiku mmoja Dar. Chaja ukiona imeandikwa 100–240V, unachohitaji ni adapta tu ya pini mbili za duara. Na wakati wa baridi, betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti, kwani baridi huipunguzia nguvu. Ukiingia ndani kutoka kwenye baridi, kamera ibaki begini limefungwa kwa saa nzima. Ukiitoa upesi lenzi inatoa jasho, na jasho hilo likirudiarudia ndilo huzaa ukungu ndani ya vioo.

SWALI: Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, inahitaji nini? (Kasulu)

JIBU: Ombi linapelekwa kwa nchi utakayokaa zaidi, si ile utakayotua kwanza. Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla, na isiwe chini ya siku 15. Mtu wa Kigoma ajipe miezi miwili, kwa sababu alama za vidole zinatolewa ana kwa ana Dar. Ukishazitoa zinaweza kutumika tena kwa miezi 59. Pasipoti iwe haijazidi miaka 10 tangu itolewe, iwe na miezi 3 baada ya siku ya kutoka kule, na kurasa 2 tupu. Bima ya safari ya euro 30,000 au zaidi. Picha ya milimita 35 kwa 45. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Barua ya mwaliko itaje nani analipia nauli, malazi na chakula. Barua inayosema tu "tunamkaribisha" haimsaidii ofisa kuamua.

SWALI: Na Bujumbura? (Mwandiga)

JIBU: Barabara ya Manyovu, au boti kutoka Kibirizi hadi Kagunga, kijiji cha mpakani. Beba pasipoti na kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu 2016 inatambulika maisha yote. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Mpakani, bandarini, darajani na mbele ya askari kamera ibaki begini. Kwa boti, hasa miezi ya upepo wa kusi, begi la kamera liingie kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana. Ndoo huelea, begi halielei.

SWALI: Napiga picha za mashirika, na sasa mwezi haupiti bila safari. Nikirudi nyumbani nakaa siku 4 au 5. Marafiki zangu wa tangu shule, watatu wao wavuvi wa dagaa, wanasema nikija nakaa na laptop, na tukionana natoa kamera. Sitaki kuwapoteza. Nipangeje? (Mwanga)

JIBU: Wana haki, na malalamiko yao ni mawili, si moja.

Tuanze na laptop. Kunakili kadi ya gigabaiti 64 kwa kisomeo cha zamani ni kama dakika 35. Kipya kinamaliza chini ya robo saa. Hiyo si kazi ya kumnyima mtu jioni. Kinachokula siku ni kuchagua, nako kuchagua kunafanyika njiani: kwenye treni, uwanja wa ndege, hotelini usiku wa mwisho. Pita mara ya kwanza ukiweka nyota moja kwa kila picha isiyo na kasoro. Pita mara ya pili kwenye hizo tu. Mteja aambiwe tangu kwenye makubaliano kwamba siku 2 za kwanza baada ya safari si za kukabidhi kazi. Wengi hukubali wakiambiwa mapema, hukasirika wakiambiwa siku yenyewe.

Sasa marafiki. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikikolea taa hazina kazi, na kambi nyingi hupumzika. Ukiwaalika usiku wa giza unawataka waache riziki, na watakuja wakisinzia au hawatakuja kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kukata tiketi ya kurudi, tazama mwezi. Tarehe 12 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu ndizo zako. Ikiwezekana, sogeza safari yako iangukie hapo. Mteja wa Lusaka hatajua kwamba ulipanga ndege kwa mwezi mpevu, wala haimhusu.

Taja siku moja, si "tutaonana nikija". Itaje wiki mbili kabla, na sehemu itajwe. Siku ya kwanza nyumbani usimwahidi mtu yeyote, hiyo ni ya kulala na kunakili kadi. Jioni ya pili au ya tatu ndiyo ya marafiki. Migebuka wa kuchoma wanunuliwe asubuhi mwaloni, nawe uende ukawachague, usimtume mtu. Dagaa wa mawese na ugali wa muhogo mwachie anayejua. Wakati wa kukorogea chungu ndio mazungumzo yenyewe yanapoanza, na aliyefika chakula kikiwa mezani amekosa nusu yake.

Kamera usiiache nyumbani, kwa maoni yetu. Ipangie dakika 20 za machweo, halafu iingie begini, na begi liingie ndani. Simu vilevile. Rafiki akijua kamera ina mwisho wake hatakaa akijishikashika kola jioni nzima.

SWALI: Picha ya marafiki ufukweni jioni: nyuso zangu hutoka nyeusi, au mbele wako safi na nyuma wamefifia. (Katonga)

JIBU: Kigoma jua linazama ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, karibu saa 1 jioni. Watu wengi huwapanga marafiki na ziwa nyuma yao, na papo hapo wanakuwa vivuli. Wageuze. Wewe simama ukiwa umelipa ziwa mgongo, hata ukilowa miguu, wao walitazame jua. Likiwa limebakiza upana wa vidole viwili kufika milimani, mwanga ni laini na macho hayafinyiki.

Ukilitaka ziwa nyuma yao, subiri jua lizame. Una dakika 20 hivi kabla ya giza, huku kwetu machweo hayachelewi. Weka flashi kwa nguvu ndogo, moja ya nane, ifunike kwa karatasi ya plastiki ya rangi ya chungwa ili mwanga wake ufanane na wa taa. Pima mwanga wa anga kwanza bila flashi, kisha iwashe.

Kufifia kwa mstari wa nyuma ni tundu la lenzi, linalopimwa kwa f: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kwa lenzi ya 35 kwenye kamera ya sensa kubwa, ukisimama mita 3 kwa f/1.8, kilicho wazi ni kuanzia mita 2.65 hadi 3.45 hivi. Mistari miwili ya watu haiingii hapo. Kwa f/5.6 unapata kuanzia mita 2.1 hadi 5.1. Fokasi iweke kwenye jicho la mtu wa mstari wa mbele, kwa sababu nafasi ya nyuma ni kubwa kuliko ya mbele.

Giza likishika na kubaki taa moja ya chemli, jaribu ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 3200, f/2, shata ya sekunde 1/60, na watu waisogelee taa mpaka magoti yagusane. Chembechembe zitaonekana, ziache. Ukiishusha ISO utalazimika kupunguza kasi ya shata, na mtu anayecheka hatulii.

Nawe uingie. Kamera iweke juu ya mtumbwi uliopinduliwa au kreti ya soda, saa ya kujipiga sekunde 10, ipige picha 5 mfululizo. Ya kwanza kila mtu amekaza shingo. Ya tatu au ya nne, mtu ameshasema neno na watu wamesahau. Stendi ukiichomeka mchangani, ifute miguu yake kwa maji safi kabla ya kuikunja. Mchanga wa ziwa husaga vifungio.

SWALI: Wenyeji wangu wa Ujerumani wameacha picha zangu za "kazi" wakachagua tatu za marafiki zangu wakila samaki. Naona kama si za hadhi ya maonyesho. Na je, marafiki niwaombe ruhusa, wakati walikuwa wanajua napiga? (yuleyule wa Ujiji)

JIBU: Hadhi ipo. Malick Sidibé, mpiga picha wa Bamako, Mali, miaka ya 1960 alikuwa anapiga vijana kwenye dansi zao za wikendi, kisha anabandika vipicha vidogo kwenye makaratasi nje ya studio ili wenyewe waje wachague. Picha hizohizo zilimpatia tuzo ya Hasselblad mwaka 2003 na tuzo ya Simba wa Dhahabu ya maonyesho ya Venice mwaka 2007. Watazamaji wake wa kwanza walikuwa wale waliomo pichani.

Ruhusa omba upya. Kukubali kupigwa picha ufukweni si kukubali kutundikwa ukutani Ujerumani. Nusu ukurasa wa Kiswahili unatosha: jina kama mwenyewe anavyotaka liandikwe, picha ipi (ibandike hapo ndogo), itaonyeshwa wapi, kwa muda gani, kama itauzwa au kuchapishwa kitabuni, na ikiuzwa yeye atapata nini. Nakala mbili, kila mtu na yake. Mtoto anatiliwa saini na mzazi. Asiyetaka, picha yake inatoka, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Fungu lake picha ikiuzwa mlizungumze kabla. Nyumba nyingi za sanaa huchukua mpaka nusu ya bei, nayo hesabu hiyo mwonyeshe, asije akadhani umemficha.

Maelezo ya chini ya picha andika wewe. Ukiwaachia, "Kibirizi, Ziwa Tanganyika" itageuka "wavuvi wa Afrika". Na kwenye mkataba, kama picha inauzwa kwa nakala chache zilizohesabiwa, tuseme 10, ongeza mstari unaosema una haki ya kuwapa waliomo nakala ndogo zisizouzwa. Bila mstari huo, zawadi kwa rafiki inaweza kuhesabiwa nakala ya 11.

Nakala hizo safisha sentimita 10 kwa 15. Studio yoyote ya mjini inaweza, pikseli 1800 kwa 1200 zinatosha. Wape kabla hujaondoka, siku ileile ya migebuka. Nyuma usiandike kwa kalamu ya kukandamiza, hutokeza mikwaruzo upande wa sura. Karatasi hizo zina plastiki na penseli haishiki. Tumia kalamu ya wino usiofutika yenye ncha nyembamba, andika majina kwa mpangilio wa waliokaa, kushoto kwenda kulia, na tarehe, kisha ziache dakika chache zikauke kabla hujazirundika.